Kiongozi Aliyechora Mistari ya Uwanja

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, kabla ya uchaguzi wa mwaka)

Tunajua wengine mmeacha mahindi hayajapaliliwa, na wengine mmeanza safari alfajiri. Kwa hiyo hatutawachosha.

Vikundi vingi vinakaribia uchaguzi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wanakamati wote watarudi mbele ya wanachama kuulizwa habari ya kazi yao. Tulipokaa ofisini kupanga mkutano huu tulijiuliza: safari hii tuwaambie nini? Habari ya katiba ya kikundi mmeisikia. Habari ya kuweka vitabu vya hesabu mmeisikia mpaka mnaweza kutufundisha sisi. Basi tukaonelea tuwasimulie maisha ya mtu mmoja. Si mtu wa huku kwetu. Alikuwa kocha wa mpira katika chuo kidogo kule Marekani, na kwa miaka mingi alikuwa pia mkuu wa michezo yote ya chuo hicho. Jina lake ni Eddie Robinson.

Tunasikia vijana wanacheka. Eti leo watu wa maendeleo wamekuja na habari za mpira! Ngojeni kidogo, mtaona.

CHUO KILICHOANZISHWA NA WAKULIMA

Kusini mwa Marekani kuna jimbo liitwalo Louisiana. Ni nchi ya pamba. Watu Weusi walilimishwa humo wakiwa watumwa. Hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki bila ardhi. Walilima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Watoto wao hawakuruhusiwa kusoma pamoja na watoto wa Wazungu, na shule walizopewa zilikuwa chache tena duni.

Mwaka 1896 wakulima Weusi wa kaskazini mwa jimbo hilo waliunda chama chao. Kingekuwa huku tungekiita kikundi cha kujisaidia. Shida yao ilikuwa shule. Wakaanza na shule ndogo, na walipoona kazi imewazidi wakaomba msaada kwa Booker T. Washington, mwalimu maarufu wa watu Weusi aliyekuwa mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama. Yeye akawapelekea mwalimu, Charles P. Adams. Mwaka 1901 shule ikafunguliwa mahali panapoitwa Grambling. Leo ni chuo kikuu.

Hebu tuangalie hapo kidogo. Hawakumngoja mfadhili aje awaambie shida yao ni nini. Walianza wenyewe, na msaada ulipofika ulikuta kazi imeanza.

KIJANA WA MIAKA 22

Eddie Robinson alizaliwa mwaka 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alikuwa mmoja wa hao wakulima wa kugawana mavuno. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Eddie alisoma akamaliza chuo, lakini kazi aliyoipata ilikuwa ya kinu cha chakula cha mifugo, senti 25 za Kimarekani kwa saa. Mtu ana shahada, na anabeba magunia! Vijana, hiyo hadithi mnaijua bila kufundishwa.

Mwaka 1941 akasikia kwamba Grambling wanatafuta kocha. Akaenda, akaandikwa. Mshahara ulikuwa dola 63 na senti 75 kwa mwezi. Mwaka huohuo alimwoa Doris, na wakaishi pamoja zaidi ya miaka 65, hata kifo kilipowatenganisha.

Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni mpira wa Kimarekani, unaofanana kidogo na raga. Mpira una umbo la yai, wachezaji ni 11 kila upande, wanaubeba na kuurusha kwa mikono, na wanavaa kofia ngumu kwa sababu wanagongana kama ndume wa ng'ombe. Ni mchezo unaotaka vifaa vingi na walimu wengi. Grambling hawakuwa na vifaa vingi. Walimu wengi je? Kocha alikuwa Robinson peke yake, akisaidiwa na mlinzi wa usiku.

Sasa sikilizeni kazi alizofanya. Alikata nyasi za uwanja. Alichora mistari ya uwanja kwa mkono wake. Aliwafunga wachezaji bandeji vifundoni. Mechi ikiisha aliketi akaiandikia magazeti habari zake, maana mwandishi wa kuja kuitazama timu ya chuo kidogo cha Weusi hakuwako. Alifundisha pia mpira wa vikapu. Hata mkuu wa chuo, Bwana Ralph Waldo Emerson Jones, alikuwa akifundisha timu ya besiboli. Hapo hapakuwa na mtu wa kusema, "Hiyo si kazi yangu."

Walipokwenda kucheza mbali, hoteli nyingi za njiani zilikuwa za Wazungu tu. Mtu Mweusi hakuuziwa chakula mezani. Robinson alitengeneza mikate yenye nyama kabla ya safari, vijana wakala ndani ya basi. Hakukubali kwamba ubaguzi ni haki. Lakini pia hakukubali kwamba ubaguzi uwe sababu ya vijana wake kucheza na njaa.

Msimu wa kwanza walicheza mechi 8, wakashinda 3 na kupoteza 5. Msimu wa pili, mwaka 1942, walicheza 9, wakashinda zote 9. Tena katika mechi zote hizo hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yao. Pointi moja! Hilo halionekani kila siku katika mchezo ule.

PAMBA KWANZA, MPIRA BAADAYE

Vita Vikuu vya Pili vikachukua vijana, na mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu. Robinson akaenda kufundisha timu ya sekondari ya hapo Grambling. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha wakati ule. Mzazi mmoja aliwatoa wanawe kwenye timu kwa sababu pamba ilikuwa imeiva shambani na mikono haitoshi. Wengine wangekwenda kugombana na mzee wa watu, au kumwambia hajui faida ya michezo. Robinson hakufanya hivyo. Aliwachukua wachezaji wake wote wakaenda shambani, wakavuna pamba ya mzee yule mpaka ikaisha. Kisha vijana wakarudi uwanjani.

Ndugu zetu, mara ngapi tumeandika katika ripoti kwamba "wanachama hawahudhurii mikutano"? Na mara ngapi tumekwenda nyumbani kwa yule asiyehudhuria kuona kinachomzuia? Pengine ana mgonjwa. Pengine ni pamba.

KENGELE YA ASUBUHI

Robinson alikuwa na desturi moja ambayo wachezaji wake hawakuisahau hata walipozeeka. Asubuhi na mapema alipita katika mabweni akipiga kengele ya ng'ombe. Amkeni! Si kwa mazoezi, ni kwa masomo. Aliwataka wavae vizuri wakisafiri, wajue kuketi mezani na kula na watu, wajue kusimama na kuzungumza. Alijua kwamba mpira una mwisho. Goti likivunjika leo, kesho mtu atakula nini?

Kutoka chuo hicho kidogo walitoka wachezaji zaidi ya 200 walioingia katika mpira wa kulipwa. Wa kwanza alikuwa Paul Younger, aliyejiunga na timu ya Los Angeles Rams mwaka 1949. Kabla yake hakuna mchezaji wa chuo cha Weusi aliyewahi kucheza katika ligi kubwa ya NFL. Robinson alimweleza wazi uzito wa jambo lile: akishindwa yeye, watasema basi vyuo vya Weusi havina kitu. Younger hakushindwa. Alicheza misimu 10.

Kulikuwa na nafasi moja uwanjani ambayo Wazungu waliona Mweusi haiwezi. Ni nafasi ya yule anayeongoza mashambulizi na kuurusha mpira. Walisema inataka akili. Robinson alimlea kijana aitwaye Doug Williams kwa nafasi hiyohiyo. Januari 1988, katika fainali kubwa ya Marekani iitwayo Super Bowl, Williams aliiongoza timu ya Washington ikaifunga Denver pointi 42 kwa 10, na akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo. Alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuongoza timu katika nafasi hiyo na kushinda fainali hiyo. Kocha wake wa zamani alikuwapo akitazama.

Mwenyewe Robinson alikwisha kuvunja rekodi mwaka 1985, alipopata ushindi wa 324 na kumpita Bear Bryant, kocha mashuhuri wa chuo kikubwa cha Alabama. Mwaka 1995 alifikisha ushindi wa 400, wa kwanza kufika hapo katika mpira wa vyuo. Alipoondoka mwaka 1997 hesabu yake ilikuwa hivi: kushinda 408, kupoteza 165, sare 15. Chuo kimoja, tangu 1941 hadi 1997. Alikuwa akijivunia mambo mawili: mke mmoja na kazi moja.

UPANDE WA PILI WA SARAFU

Sasa, tungeweza kukomea hapo, mkapiga makofi, tukaenda kunywa chai. Lakini hatungekuwa tumesema kweli yote.

Miaka ya mwisho haikuwa mizuri. Misimu mitatu ya mwisho, kila msimu timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Sababu moja haikuwa kosa lake hata kidogo. Zamani kijana Mweusi mwenye kipaji hakuwa na mlango mwingine. Vyuo vikubwa vya Wazungu vya Kusini vilipofungua milango, wale vijana bora wakaenda huko kwenye viwanja vikubwa na pesa nyingi. Ile haki iliyopiganiwa ndiyo iliyochukua wachezaji wa Grambling. Mambo ya dunia ndivyo yalivyo, jema moja huleta shida nyingine.

Hata hivyo kulikuwa na swali ambalo halikujibiwa mapema: mzee akichoka, nani atashika? Mwaka 1996 ulipokuwa ukiisha, habari zikatoka kwamba chuo kinataka aondoke. Watu wakapiga kelele nchi nzima, hata gavana wa jimbo akaingilia. Mwishowe akapewa msimu mmoja zaidi, ule wa 1997, ili aage kwa heshima. Msimu huo nao timu ilishindwa zaidi ya ilivyoshinda. Mtu aliyechora mistari ya uwanja ule kwa mkono wake, akiwa na miaka 78, habari ya kuondoka kwake ikawa ni ya kubishaniwa magazetini.

Sisi hatumhukumu. Nani kati yetu angeacha kwa urahisi kitu alichokilea miaka 56? Lakini tunauliza: marafiki zake walikuwa wapi miaka 10 kabla? Kumwambia mzee kweli ni kazi ngumu, na kumsifu ni kazi rahisi. Wengi tunachagua iliyo rahisi, halafu tunaiita heshima.

Na oneni hili. Aliyechukua nafasi yake mwaka 1998 ni nani? Ni Doug Williams, yule yule kijana wake. Mwaka 2000, 2001 na 2002, mara tatu mfululizo, Grambling walikuwa mabingwa wa ligi yao. Kwa hiyo mrithi alikuwako. Mzee alikuwa amemlea kwa mikono yake mwenyewe.

MASHINE YETU YA KUSAGA

Msidhani tunasema hivi ili kuwanyoshea kidole wenyeviti. Kidole kimoja tunakielekeza kwetu.

Miaka ya nyuma tulisaidia kikundi kimoja cha akina mama kupata mashine ya kusaga unga. Tuliandikiana kwamba baada ya miaka 2 kikundi kitachukua usimamizi wote. Miaka 2 ikapita, tukasema bado hawajawa tayari. Ikawa miaka 5. Ikawa 7. Kitabu cha hesabu tunacho sisi. Fundi tunamjua sisi. Vipuri tunanunua sisi. Tulikuwa tunafanya kazi kweli, hata Jumamosi, na tulijiona watumishi wema.

Kisha mfanyakazi wetu aliyeshughulikia mashine akahamishwa. Baada ya wiki chache mashine ikaharibika. Hakuna mwanachama aliyejua fundi anakaa wapi, wala kipuri kinauzwa wapi, wala akaunti ina shilingi ngapi. Ilikaa kimya miezi 4. Akina mama wakarudi kubeba mahindi kichwani mpaka soko la mbali, kama zamani.

Tulipokwenda kuomba radhi, mama mmoja mzee alituambia, "Nyinyi mlitupenda kama kuku anavyopenda mayai. Lakini kuku hukaa siku 21 tu." Tukanyamaza. Tungejibu nini? Leo mashine hiyo inaendeshwa na wao wenyewe, na katibu wao ni binti aliyekuwa akifagia pale. Vitabu vyake ni safi kuliko vyetu vya wakati ule.

Kwa hiyo tukisema habari ya Robinson tunasema habari yetu pia. Kufanya kazi ndogo kwa mkono wako mwenyewe ni sifa kubwa ya kiongozi. Lakini kazi hiyohiyo, usipomfundisha mwingine, inageuka kuwa kufuli.

TUNAYOWAOMBA MFANYE

Kwanza, kiongozi asione haya kufagia. Mwenyekiti anayengojewa kwa kiti na soda wakati wengine wanachimba mtaro, huyo bado hajaanza uongozi.

Pili, kila mwenye cheo awe na mtu anayejifunza kando yake. Mweka hazina akienda benki, asiende peke yake. Awe na kijana anayeangalia namna fomu inavyojazwa. Katibu akiandika kumbukumbu za mkutano, mkutano ujao amwachie mwingine aandike, yeye asahihishe.

Tatu, andikeni katika katiba ya kikundi muda wa uongozi, na mwaka ukifika msiufute kwa makofi. Mzee anayeondoka hatupwi. Mpeni kiti cha mshauri, muulizeni mambo. Robinson alipofariki Aprili 2007, akiwa na miaka 88, mwili wake ulilazwa katika jengo la bunge la jimbo la Louisiana ili watu wapite kumuaga. Fikirini, mtoto wa mkulima wa kugawana mavuno, katika nyumba ambayo sheria za ubaguzi zilitungwa humo. Kuacha cheo hakukumpunguzia heshima hata kidogo.

Nne, vijana wakiomba mpira, msiwaambie waende wakalime kwanza. Mtafutieni mtu mzima mmoja wa kuwaongoza, mwenye subira, anayejua kupiga kengele ya asubuhi. Uwanja wa mpira ni shule ya kutunza saa, kutii kanuni na kushindwa bila kupigana.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Akiugua kesho, itakuwaje?

2. Kuna mwanachama aliyeacha kuja? Nani atakwenda kwake wiki hii, na si kwa kumlaumu?

3. Kuna jambo ambalo tunaogopa kumwambia kiongozi wetu? Tunaweza kumwambia namna gani bila kumvunjia heshima?

4. Nani ni Doug Williams wetu? Tumempa kazi gani mwaka huu?

Tumemaliza. Wenyeviti wetu, tunawashukuru kwa mistari yote mliyochora, mingine usiku, mingine kwa pesa ya mfukoni mwenu. Sasa mpeni mwingine chokaa, naye ajaribu. Msitari wake wa kwanza utapinda. Hata wenu ulipinda.

Chai iko tayari, na leo vijana ndio watakaopakua.